Nikitoka jimu njaa inanimaliza, hivi ni stresi au ni mazoezi yenyewe?

mama_pacha_kimara
Habari zenu wadau. Mi nina miaka 38, kilo 96, urefu sentimita 160, so hapo hata bila kuambiwa najua ni unene uliopitiliza. Nilianza jimu mwezi wa tatu, siku nne kwa wiki, nakimbia kwenye mashine mpaka tisheti inakamulika. Kazini nako walipunguza watu, tuliobaki tunabeba mzigo wa waliotoka, bosi anapiga simu mpaka saa nne usiku. Sasa nikifika home saa tatu usiku sijavua hata viatu, mkoba uko begani, nafungua hotpoti nakula chapati nimesimama, ya kwanza wala siisikii inapopita, nakuja kushtuka niko ya tatu na maharage sijayagusa. Asubuhi ndo sina hamu ya kula kabisa. Mzani ulishuka kilo moja afu ikarudi. Mwalimu wa jimu anasema ni kotisoli hiyo, homoni ya stresi, niongeze dozi ya mazoezi. Kweli jamani?

kidume_wa_Ubungo
Dada hiyo ni tamaa tu, funga mdomo utapungua. Mi nikipiga mbio kali sili hata masaa mawili, chakula kinanichefua.

Tabibu_mstaafu
@kidume usimkatishe tamaa mwenzio, na hapo umejijibu mwenyewe bila kujua. Mazoezi makali kweli hukata njaa, ile homoni ya njaa inayotoka tumboni, ghrelini, inashuka kwa muda, na zile za utumbo za shibe zinapanda. Lakini ni ya muda mfupi tu, baada ya hapo mwili unarudi kwenye hesabu zake.

Dada, mwalimu wako kapatia jina la homoni ila dawa kakosea. Kotisoli inatoka kwenye vitezi vilivyokaa juu ya figo, kawaida inakuwa juu asubuhi na usiku wa manane inakuwa chini kabisa. Ukipata mshtuko wa ghafla, tuseme bodaboda imekukosakosa, adrenalini inakata hamu ya kula palepale. Stresi ya kila siku ni kitu kingine, hiyo ya bosi na simu zake, kotisoli inabaki kukusukuma utafute cha sukari na mafuta, ndo maana hukumbuki mchicha saa tatu usiku unakumbuka chapati. Na mafuta ya tumboni ndo yanaipokea zaidi hiyo homoni, kitambi kinakuja hapo. Juu yake, leptini inayotengenezwa na mafuta mwilini ili kuambia ubongo tumeshiba, kwa mtu mnene inakuwa nyingi ila ubongo umeshaizoea, hausikii.

Sasa kukimbia kwa nguvu nako kunapandisha kotisoli. Kuna utafiti wa 2008 wanaume walipiga baiskeli nusu saa, kwa asilimia 60 na 80 ya uwezo wao ikapanda, kwa asilimia 40 ikashuka. Haina maana mazoezi makali ni mabaya, kwa mtu aliyelala vizuri na katulia hiyo inashuka yenyewe, ila wewe unaongeza kuni kwenye moto. Swali langu, mlo wa mwisho kabla ya jimu unakula saa ngapi, na unalala saa ngapi?

binti_Tanga
Mama angu alipewa prednisolone ya pumu akawa anaamka usiku anakula ugali wa baridi, tukamcheka kumbe ni dawa, ni ndugu yake hiyo kotisoli. Dada kama unatumia dawa za aina hiyo kamwambie daktari, usiache ghafla mwenyewe, ni hatari.

mama_pacha_kimara
Situmii dawa yoyote. Mlo wa mwisho saa saba mchana 😅 nalala saa saba usiku naamka kumi na moja.

Tabibu_mstaafu
Aah basi. Masaa nane tumbo tupu na humohumo unakimbia, chapati wala haina kosa. Na masaa manne ya kulala! 2004 Chicago walilaza vijana wenye afya masaa manne kwa siku mbili tu, ghrelini ikapanda asilimia 28, leptini ikashuka 18. Kula kitu saa kumi jioni, mayai mawili na ndizi, au karanga na maziwa mgando. Siku mbili badilisha kukimbia kuwe kutembea haraka, ile ya kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Kwa uzito wako nusu saa inachoma kalori kama 200, chapati moja nene ya mafuta inazirudisha zote, kwahiyo usitegemee mashine ikupunguze peke yake. Kupima kotisoli usikimbilie, ila kama uso umekuwa mviringo, misuli ya mapaja imeisha nguvu na tumbo lina michirizi ya zambarau, hapo muone daktari.

kidume_wa_Ubungo
Yameniingia 🙏 dada samahani.

mama_pacha_kimara
Umesamehewa. Leo nimebeba mayai kwenye mkoba, moja limepasukia kwenye chaja ya laptopu.