Tupeane uzoefu: Usawa wa uraia tangu Katiba ya 2010

Ndugu zangu Wakenya, Ibara ya 12 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati za utambulisho, na Ibara ya 27 inakataza Serikali kumbagua mtu kwa kabila lake. Ninachoomba tuelezane ni yale yanayotupata tunapofika mbele ya karani. Naanza mimi.

Mimi ni Mnubi, wa jamii iliyotokana na askari wa Sudan walioletwa na Waingereza, mzaliwa wa Kibra, Nairobi. Tulipoomba vitambulisho, wenzangu wa kidato cha nne walipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, wakapigwa alama za vidole na kwenda zao. Mimi niliambiwa nisubiri siku ya kupigwa msasa, yaani kuhojiwa na kamati kama kweli ni raia, nije na mzee wa jamii pamoja na hati ya kiapo, na kamati ikataka nieleze babu yake baba alizikwa wapi. Baba yangu, mwenye kitambulisho na kura yake kila uchaguzi, alikuwa ameketi pale nje, hakuna aliyemwita.

Mchangiaji wa pili: Sisi Wasomali wa Kenya tulihakikiwa upya mwaka 1989 na kupewa kadi ya ziada, kwa hiyo haya si mageni kwetu. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo umeondolewa. Nilifurahi, sikatai, ila tangazo la rais mmoja hufutwa na rais mwingine, na ningeona heri Bunge lilitie katika Sheria ya Usajili wa Watu.

Mchangiaji wa tatu: Langu ni la ajira. Kabila langu ni kubwa kitaifa, lakini katika kaunti nilikozaliwa sisi ni wachache. Kwenye usaili niliulizwa nyumbani ni wapi, nilipotaja kata yangu, nikaulizwa tena, "Nyumbani hasa?" Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziwaendee wasio wa jamii kubwa ya kaunti, nami naona kasoro iko hapo hapo, kwa sababu ngazi za juu, wanakokaa wanaoajiri, hazikuguswa na kiwango hicho. Nimeandika barua chini ya Ibara ya 35 ya Katiba, ile ya haki ya kupata habari, kuomba mchanganuo wa wafanyakazi kwa jamii na kwa ngazi. Aliyewahi kujibiwa barua ya namna hiyo anieleze aliiandikaje.