Tupeane uzoefu: dalili zinazodanganya kwenye seva na kompyuta, na namna ya kuthibitisha chanzo kabla ya kurekebisha

#1

Wakuu, uzi huu ni kwa wanaosimamia seva na wale wanaoshinda kwenye teminali. Ushauri wa "zima uwashe" na "piga Windows upya" umejaa kila kona, hatuuhitaji hapa. Ukichangia, taja dalili, amri inayothibitisha chanzo, halafu dawa. Dawa bila uthibitisho ni kubahatisha.

Na jambo moja kabla ya yote: usiwashe upya seva inayosumbua kabla ya kukusanya ushahidi. Ukishawasha upya, hali ya michakato, miunganisho ya mtandao na RAM inapotea, na tatizo likirudi unaanza sifuri. Dakika moja inatosha kuendesha `dmesg -T`, `ps auxf`, `ss -tanp`, `free -m` na `vmstat 1 5`, kila moja ukiielekeza kwenye faili. Faili hizo zisiwe kwenye diski ileile unayoishuku.

Naanza na diski iliyojaa, maana ina sura nyingi kuliko watu wanavyodhani. `df -h` inasema 100%, unapiga `du -xsh /` inakuambia umetumia nusu tu. Zote mbili zinasema kweli. `df` inauliza mfumo wa faili, `du` inahesabu majina inayoyaona kwenye folda. Faili la logi likifutwa kwa `rm` huku huduma bado imelishikilia, jina linaondoka lakini nafasi haiachiwi. Thibitisha:

`lsof +L1`

Utaona mafaili yasiyo na jina tena, namba ya mchakato (PID), namba ya FD (ambayo mchakato unalitambulia faili ulilolifungua) na ukubwa. Dawa safi ni kuiwasha upya huduma hiyo peke yake. Kama haiwezekani kwa wakati huo, lipunguze faili likiwa limeshikiliwa, kwa mfano mchakato 1234 na FD 5:

`: > /proc/1234/fd/5`

Nafasi inarudi papo hapo. Usishangae baadaye ukubwa wa faili ukionekana mkubwa vilevile: huduma ambayo haikulifungua faili kwa mtindo wa kuongeza mwishoni itaendelea kuandika pale ilipoachia, na katikati kunabaki shimo lisilokula diski. Dawa ya kudumu iko kwenye logrotate (programu inayozungusha logi zisijae): huduma ipewe ishara ya kufungua logi upya ndani ya `postrotate`, au tumia `copytruncate` ikiwa huduma haina ishara hiyo.

#2

Naongezea hapohapo kwenye diski. Ukipata "No space left on device" na `df -h` inaonyesha nafasi tele, piga `df -i`. Inode (rekodi ambayo kila faili huhitaji moja) zimeisha. Kwenye ext4 idadi ya inode inapangwa siku mfumo wa faili unatengenezwa, huwezi kuiongeza bila kuukuza mfumo wenyewe. Kinachozimaliza ni mamilioni ya mafaili madogo: sesheni za PHP, foleni ya barua pepe, kache. Yatafute hivi:

`du --inodes -x / | sort -n | tail -20`

Ukiipata folda, `rm *` itakugomea kwa "Argument list too long". Tumia `find /njia/ya/folda -xdev -type f -mtime +7 -delete`, na kwanza iendeshe bila `-delete` uone itagusa nini.

Sura nyingine ni folda iliyofunikwa. Bakapu ilikuwa iandike kwenye `/mnt/bakapu`, diski ya nje haikupachikwa siku hiyo, data ikamwagika kwenye diski kuu. Baadaye diski ya nje imepachikwa juu yake na `du` haioni tena kilicho chini. Fanya `mount --bind / /mnt/chini` halafu `du -xsh /mnt/chini/*`. Kuzuia isijirudie, skripti ya bakapu ianze na `mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1`.

Na kwa ext4, 5% ya diski imehifadhiwa kwa ajili ya root. Kwenye diski ya data ya 4 TB hiyo ni 200 GB zinazokaa bure. `tune2fs -m 1 /dev/sdb1` inashusha hadi 1%, hata diski ikiwa inatumika. Usifanye hivyo kwenye diski ya mfumo. Akiba ile ndiyo inayokuwezesha kuingia kama root na kusafisha siku imejaa.

#3

Load (wastani wa michakato inayofanya kazi au inayosubiri) ni 40, CPU imelala. Linux inahesabu kwenye load pia michakato iliyo kwenye hali ya D, yaani inayosubiri diski au mafaili ya mtandaoni na haikatiziki kirahisi. Piga

`ps -eo state,pid,wchan:32,cmd | grep '^D'`

Ukiona nyingi zina neno `nfs` (mafaili yanayosomwa kupitia mtandao) kwenye safu ya wchan (kinachosubiriwa), tatizo liko kwenye seva ya mafaili au njia ya kwenda huko, si kwenye mashine uliyokaa. `kill -9` huenda isiziguse mpaka kile zinachosubiri kijibu. Kama ni diski ya ndani, `iostat -x 1` itakuonyesha ipi ina `r_await` au `w_await` (muda wa kusubiri kusoma au kuandika) kubwa.

#4

Huduma inakufa ghafla, logi yake haisemi chochote. Hiyo mara nyingi ni kerneli (kiini cha mfumo) imeiua kwa uhaba wa kumbukumbu, na mchakato uliouawa hivyo haupati nafasi ya kuandika neno. Kontena litakuonyesha msimbo 137, yaani 128 + 9. Thibitisha:

`journalctl -k | grep -i 'out of memory'`

Soma kwa makini. Ikiandikwa "Memory cgroup out of memory" (cgroup ni kundi la michakato lenye kikomo chake), seva inaweza kuwa na RAM nyingi tu na kilichofikiwa ni kikomo cha kontena au cha systemd. Kuongeza RAM hapo hakusaidii kitu. Isipokuwa na neno cgroup, seva nzima iliishiwa. Aliyeuawa si lazima awe mkosaji: kerneli huchagua zaidi kwa kuangalia nani ana kumbukumbu kubwa, kwa hiyo hifadhidata yako inaweza kufa kwa sababu ya skripti iliyovuja. Juu ya mstari wa "Killed process" kerneli inachapa jedwali la michakato yote. Safu ya `rss` pale ni kurasa, si kilobaiti. Kwenye mashine za kawaida zidisha mara 4 upate KB. Wengi wanaisoma vibaya na kumtafuta mchawi pasipo.

#5

Upande wa mtandao, kuna ugonjwa mmoja unaokula siku za watu: ping inaenda, DNS inajibu, SSH inaunganisha kisha inaganda, tovuti ndogo zinafunguka na kubwa zinabaki kuzunguka. Hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti unaoweza kupita. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinadondoshwa njiani, na ujumbe wa ICMP uliopaswa kumwambia mtumaji "punguza ukubwa" umezibwa na faiawo ya mtu aliyeamua kuzuia ICMP yote. Hutokea sana kwenye VPN na laini za PPPoE.

Kupima kwenye Linux:

`ping -M do -s 1472 mfano.com`

Kwenye Windows: `ping -f -l 1472 mfano.com`. 1472 ni 1500 kutoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Isipopita, shuka: 1464 ni ya PPPoE (MTU 1492), 1392 inalingana na 1420 ambayo WireGuard huitumia kwa kawaida. Namba kubwa kabisa inayopita ujumlishe 28, hiyo ndiyo MTU halisi ya njia. Kama hata ping ndogo haijibiwi na seva hiyo, jaribu nyingine, maana kipimo hakitakuambia kitu.

Kwa mashine moja, `ip link set dev wg0 mtu 1380` inatosha kujaribia. Kwa ruta ya Linux inayohudumia wengi, banza MSS (ukubwa wa juu wa data kwenye pakiti moja ya TCP):

`iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu`

Hii inatibu TCP tu. UDP kubwa bado itakwama, kwa hiyo ombeni faiawo iruhusu ICMP aina ya 3 msimbo wa 4. Kuzuia ICMP yote si usalama, ni kuvunja mtandao.

#6

Kama kila kitu kinachelewa sekunde 5 kamili halafu kinaenda vizuri, usiangalie spidi ya intaneti. Sekunde 5 ndio muda ambao Linux husubiri seva ya DNS kabla ya kujaribu ya pili. Seva ya kwanza kwenye `/etc/resolv.conf` imekufa. Iulize kila moja peke yake kwa `dig @anwani mfano.com`. Na msithibitishe kwa `dig` pekee: haisomi `/etc/hosts` wala `nsswitch.conf`. Programu nyingi zinafuata njia ya `getent hosts mfano.com`, na majibu ya hizo mbili yakitofautiana umeshapata pa kuchimba.

#7

Mkuu #1, tusiwasahau wa Windows.

Mashine inajizima yenyewe, mtu anafungua Event Viewer anaona Kernel-Power 41 na kukimbilia kununua pawasaplai. Tukio 41 linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Fungua kichupo cha Details uangalie `BugcheckCode`. Ikiwa 0, umeme ulikatika au mashine iliganda kabisa: hapo ndipo shuku pawasaplai, joto, nyaya. Isipokuwa 0, ilikuwa skrini ya bluu, na namba ile iko kwenye desimali. Igeuze kuwa heksa: 159 ni 0x9F, ambayo ni draiva kushindwa kubadili hali ya umeme, mara nyingi wakati wa kulala au kuamka. `PowerButtonTimestamp` ikiwa si 0, kuna mtu alibonyeza kitufe cha kuwashia. Faili la kuchambua liko `C:\Windows\Minidump`. Lifungue kwa WinDbg na amri `!analyze -v`.

Pia "Shut down" kwenye Windows 10 na 11 yenye Fast Startup haiondoi kerneli. Inailaza kwenye diski. Draiva iliyochanganyikiwa inaamka ikiwa imechanganyikiwa vilevile. Angalia "Up time" kwenye Task Manager, ikisoma siku kadhaa wakati mashine inazimwa kila jioni ndio hiyo. Restart, au `shutdown /s /t 0`, ndiyo inayoanza upya kweli.

Kwa mafaili ya mfumo yaliyoharibika, endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` kwanza, ndipo `sfc /scannow`. SFC inachukua nakala kutoka stoo ambayo DISM inaitengeneza. Ukianza nayo stoo ikiwa mbovu, itakuambia imeshindwa.

#8

Diski inayokufa. Nasisitiza hili kwa sababu data hupotea kwenye ukarabati wenyewe. Kabla ya `fsck` au `chkdsk /r`, soma `smartctl -a /dev/sdb`. Kwenye diski za SATA angalia sifa 5, 197 na 198 (sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka). 197 ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka, diski ina sehemu isizoweza kuzisoma, na `chkdsk /r` itaisugua yote mpaka ikate roho. 199 ikipanda huku nyingine ziko sifuri, mara nyingi ni kebo ya SATA: ibadilishe. Hesabu hiyo hairudi chini, kwa hiyo unachotazama ni kama imeacha kupanda.

Ikiwa 197 inapanda, ondoa upachikaji wa diski (`umount`) na uinakili kwanza:

`ddrescue -n /dev/sdb picha.img picha.map`

kisha

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img picha.map`

Mzunguko wa kwanza unabeba vinavyosomeka kirahisi, wa pili unarudi kwenye sehemu ngumu. Faili la `.map` ndilo linalokumbuka ulipofika, msilifute. Ukarabati wowote ufanyike kwenye nakala ya picha ile.

#9

Skripti inaenda ukiiendesha kwa mkono, kwenye cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) haiendi. Vyanzo ni vichache. PATH ya cron ni fupi, mara nyingi `/usr/bin:/bin` tu, kwa hiyo andika njia kamili. Alama ya `%` ndani ya crontab inageuzwa mstari mpya, hivyo `date +%F` inakatika katikati. Iandike `date +\%F`. Na ikilalamika "No such file or directory" wakati faili lipo, huenda liliandikwa kwenye Windows: `sed -i 's/\r$//' skripti.sh`. Weka `>> /var/log/kazi.log 2>&1` mwishoni mwa mstari uone kosa lenyewe.

#10

Cheti cha TLS: kivinjari kinafungua, `curl` inakataa. Seva haitumi cheti cha kati (kinachounganisha cheti cha tovuti na mamlaka inayoaminika), na vivinjari vingi hujitafutia wenyewe.

`openssl s_client -connect mfano.com:443 -servername mfano.com </dev/null`

"Verify return code: 21" ndiyo yenyewe. Elekeza huduma kwenye `fullchain.pem` badala ya `cert.pem`. Na kama cheti kimeshahuishwa lakini watumiaji bado wanaona kimeisha muda, linganisha tarehe ya faili (`openssl x509 -noout -enddate -in fullchain.pem`) na ile inayotoka kwenye mtandao. Zikitofautiana, huduma haijasoma faili jipya, `reload` inatosha.

#11

Kabla hamjaenda kujaribu dawa ya #5 kwenye seva ya mbali, jiwekeeni njia ya kurudi. Kwa faiawo:

`iptables-save > /root/fw.zamani`

`echo 'iptables-restore < /root/fw.zamani' | at now + 5 minutes`

Hakikisha `atd` inaendesha, la sivyo amri ile haitatekelezwa. Ukijifungia nje, subiri dakika tano kanuni za zamani zirudi zenyewe. Kwa SSH, piga `sshd -t` kabla ya `reload`, acha dirisha la kwanza wazi, na jaribu kuingia kwa dirisha la pili. Mabadiliko yakikubali, tafuta namba ya kazi kwa `atq` na uifute kwa `atrm`, vinginevyo baada ya dakika tano kazi yako yote inafutwa na utaanza kutafuta tatizo ambalo halipo.