Naomba ushauri: dogo wa mwaloni kaandikwa ana miaka 18

Habari zenu ndugu zangu, naombeni msaada wa mawazo. Mimi nauza chai na chapati hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Kuna dogo analala kwenye maboti, huwa ananiletea maji asubuhi namlipa na chapati mbili, sauti hata haijavunjika. Juzi usiku kakamatwa kwa simu iliyopotea, wakamwandika miaka 18 na kawekwa na watu wazima.

Nimeenda kituoni mara mbili naambiwa nije na mzazi, mzazi nimtoe wapi sasa? Afisa ustawi wa jamii nae nikaambiwa kasafiri. Najua Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya 18 ni mtoto na kesi yake inaenda Mahakama ya Watoto, ila cheti cha kuzaliwa hana, anachokumbuka ni kwamba aliishia la nne shule moja huko Kasulu.

Sasa wajuzi, rejista ya shule inaweza kukubalika kuthibitisha umri au lazima apimwe hospitali? Na mimi nisiye ndugu yake naweza kumdhamini?