Saizi ya tairi 195/65R15, 205/55R16 au 225/45R17: ipi imetulia zaidi, na upepo kiasi gani?

MwendoPole
Wakuu, sedani ya kilo 1,350. Kibandiko cha nguzo ya mlango kinasema 205/55R16, upepo PSI 32 mbele na 30 nyuma. Matairi yaliyopo yamebaki na meno ya milimita 4 na yanavuma kuanzia kilomita 70 kwa saa. Chaguo ni tatu: kushuka 195/65R15, kubaki hapohapo, au kupanda 225/45R17. Ukimya na ulaini kwanza, ila gari isiyumbe kwenye 110. Na kushusha upepo hadi 27 ili iwe laini, kuna ubaya?

FundiRimu
Mkuu, anza na ubavu wa tairi, ndio unaomeza mashimo. Kwenye 195/65R15, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni rimu kwa inchi. Piga hesabu: 195 × 0.65 ni kama milimita 127. 205 × 0.55 ni 113. 225 × 0.45 ni 101. Kipenyo cha nje kwa zote tatu ni kati ya milimita 632 na 635, kwa hiyo spidomita haitadanganya.

Milimita 26 kati ya ya kwanza na ya mwisho unazisikia kiunoni. Ya inchi 17 inaitikia usukani haraka na inashika kona vizuri, lakini kila kiungo cha daraja kinaingia ndani ya gari, na shimo kali linabana ubavu kati ya rimu na ukingo wa lami: nyuzi zinakatika, tairi linatoa uvimbe. Likitoa uvimbe halitengenezeki, ni la kutupa. Ya inchi 15 ndiyo laini kuliko zote, ila usinunue kabla ya kujaribisha rimu moja mbele, maana kalipa ya breki (kile kibanio cha diski) huenda ikagusa rimu.

Kwa unachotaka, ningebaki na 205/55R16, aina ya starehe, siyo ya michezo.

Geji_Baridi
Naunga mkono, na naongeza la XL, yaani tairi lililoimarishwa kubeba uzito zaidi. Ukikuta 205/55R16 91 na nyingine 94 XL, usidhani kubwa ndiyo bora. 91 ni kilo 615 kwa tairi, 94 ni 670, lakini XL inafikisha uzito huo kwenye PSI 42. Ubavu wake ni mgumu zaidi, unalipa kwa ulaini. Kama kitabu cha gari hakidai XL, chukua ya kawaida.

Upepo 27? Hapana, ndugu yangu. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, ubavu unapata joto, linakula pembeni zote mbili, na kwenye maji linaelea mapema. Usukani nao unalegea, kwa hiyo ule utulivu wa 110 unaoutaka ndio unaoupoteza.

Fanya hivi. Pima asubuhi gari ikiwa imelala, au imesimama kwa muda wa saa tatu. Weka 32/30, pita barabara ileile kwa mwendo uleule. Kisha ongeza 2 kote, yaani 34/32, urudie. Usivuruge tofauti ya mbele na nyuma: ukipunguza nyuma peke yake, mkia unaanza kutembea kwenye kona za kasi, ukipunguza mbele, pua inachelewa kugeuka. Baada ya safari upepo utapanda PSI kadhaa kwa joto, usiutoe.

Namba ya PSI iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake. Wengi wanajaza hiyo, halafu wanalaumu shokapu.

SikioLami
Kabla ya kununua chochote, chunguza huo mvumo. Pitisha kiganja juu ya meno ya nje, mbele kwenda nyuma, kisha urudi. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, tairi limeliwa kwa ngazi, na sauti yake inafanana sana na beringi mbovu. Mvumo ukibadilika lami inapobadilika, ni tairi. Ukibadilika unapopinda kidogo kushoto na kulia, shuku beringi.

Chanzo huwa ni alaimenti (unyoofu wa magurudumu) iliyotoka, shokapu iliyochoka, au matairi yasiyohamishwa. Yahamishe mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Yenye mshale wa mzunguko yabaki upande wake. Ukifunga mapya bila kurekebisha chanzo, utarudi na mvumo uleule.

Desibeli (kipimo cha sauti) za lebo ya matairi ya Ulaya zinapimwa nje, pembeni mwa barabara, injini ikiwa imezimwa. Zinasaidia kulinganisha, lakini hazikuambii utakachosikia ndani.

MwendoPole
Kiganja kimekwaruza, tena nyuma kuliko mbele. Basi ni 205/55R16 91, na alaimenti ya magurudumu yote manne. Nikianza na mawili tu, nifunge wapi?

FundiRimu
Nyuma, hata kama gari inavutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari inazunguka na huna la kufanya. Mbele ikiteleza, ukiachia mafuta inarudi. Angalia na tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mawili yote yawe na tarehe zinazokaribiana, na yapigwe balansi kabla ya kufungwa.