Nimemaliza deni la kausha damu, nyie mkishinda jambo dogo mnalisherehekeaje?

Mama Chapati
Habari za jioni wanajukwaa. Kuandika humu ni mgeni ila kusoma nasoma kila siku, leo nimeona na mimi niandike maana kuna kitu kimenijaa moyoni halafu sina wa kumwambia.

Nauza chapati na maharage asubuhi huku Mbagala, meza yangu iko karibu na kituo cha daladala. Mwaka jana mwezi wa tatu mwanangu aliumwa nikachukua mkopo, hii hii mikopo ya kausha damu, 300,000, rejesho 12,000 kila siku kwa siku 30, yaani unarudisha 360,000. Ukipiga hesabu kichwani unaona si mbaya, mwezi tu. Kilichonitesa siyo ile 60,000 ya juu, ni hilo neno kila siku. Mvua inyeshe, unga upande bei, wateja wasije, 12,000 iko palepale, na ukilala siku moja, yaani usipolipa, inakuja na faini. Wiki ya pili tu nikalala siku 4, nikaenda kukopa kwa watu wengine nilipe wale wa kwanza, halafu wa tatu nilipe wa pili, na ule mwezi mmoja ukawa mwaka na miezi 4. Mtungi wangu wa gesi walishaubeba asubuhi mbele ya wateja chapati ziko kwenye kikaango. Siku ile nilirudi nyumbani na unga uliokandwa kwenye beseni nikalia.

Jana nimelipa rejesho la mwisho. Nina daftari ambalo kila nikilipa nachora mstari, limejaa mafuta mpaka kurasa zinapitisha mwanga, jana nikachora ule wa mwisho nikakaa nalitazama tu. Leo saa 12 jioni ikapita pikipiki nje, mwanangu akakimbia kuzima taa na redio kama tulivyozoea wadai wakija, ili ionekane hakuna mtu. Nikamwambia washa mwanangu, hakuna anayekuja. Akaniangalia kwanza ndo akawasha.

Sasa nilitaka kufurahi jamani lakini sijui nafurahije. Nimempigia dada yangu kasema haya hongera, akahamia habari za msiba wa kijijini. Sijajenga, sijanunua gari, nimerudi tu sifuri, na mtungi wenyewe sijaurudisha, bado natumia mkaa. Ila kwangu ni kitu kikubwa mno. Je hivi vitu mnavisherehekea? Mnamwambia nani?

Boda wa Kijiweni
Mama hongera sana tena sana, umenigusa. Usiseme umerudi sifuri, mtu aliyekuwa shimoni akifika juu ya ardhi hajarudi sifuri huyo, kapanda.

Mimi naendesha boda na nilikuwa kwenye mkataba. Kwa wasiojua, tajiri anakupa chombo, unamletea hesabu ya siku, yangu ilikuwa 10,000 siku 6 za wiki kwa miezi 14, ukimaliza anakukabidhi kadi na pikipiki inakuwa yako. Service juu yako, tairi juu yako, ukiumwa hesabu inakusubiri. Mwezi wa 11 nilianguka nikateguka mkono, wiki 3 siendeshi, ikabidi nimpe mshikaji aendeshe ile hela yote iende kwa tajiri mimi nilale na maji. Wengi wananyang'anywa chombo wamebakisha miezi 2 wanaanza upya kwa mtu mwingine, nimewaona kwa macho yangu.

Siku nimekabidhiwa kadi nilienda kijiweni kimya, nikaiweka juu ya tenki wenzangu waione. Hawakusema kitu, mmoja akaenda dukani akarudi na ndoo ya maji, nikamwagiwa kama siku ya bethdei, nikalowa mpaka kwenye viatu. Na kila mmoja pale alikuwa anajua ile 10,000 ni nini ndo maana maji yale yalikuwa matamu. Baada ya hapo nikaenda kumchukua mama, nikamwambia panda nikupeleke unapotaka, akasema nipeleke sokoni. Njia nzima kanishika mabega hasemi. Alivyoshuka akataka kunilipa nauli kwa mazoea. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono wake unatafuta hela kwenye fundo la khanga naishiwa maneno.

Kwa hiyo jibu langu mama, sherehekea, na umtafute mtu anayejua 12,000 ni nini. Dada yako hajakataa kufurahi na wewe, ni vile hakuwepo saa 12 jioni.

Mpole wa Tanga
Hongera dada yangu, Mungu akuzidishie. Lakini mimi nina neno tofauti kidogo na naomba mnielewe. Mambo mengine si ya kuanika. Leo ukitangaza umemaliza madeni, kesho asubuhi kuna jirani anakuja kukopa na ukimnyima umekuwa adui, na wale wale wa mikopo wakisikia umemaliza wanarudi, wanakwambia wewe ni mteja mzuri sasa tunakupa 500,000. Hili la pili halina utani, mke wangu lilimkuta, alimaliza Ijumaa Jumatatu wameshafika na fomu. Mimi nikipata jambo nasujudu sijida ya shukrani, natoa sadaka kidogo ninachoweza, naendelea na kazi. Furaha inakaa ndani na haipungui.

Mwana wa Maskani, Mombasa
Ndugu wa Tanga nakuheshimu lakini mie kukaa kimya kulikuwa kunaniua.

Nimekula muguka miaka 9, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Asubuhi mpaka usiku, maskani, mdomo umejaa, kazi siendi, kulala silali, mke kaniwachia nyumba kaenda kwao Kilifi. Mei 2024 kaunti ikapiga marufuku nikasema alhamdulillahi labda nitapumua, siku chache mahakama ikasitisha, na hata zile siku chache nilikuwa nazunguka mitaa kuutafuta. Hapo ndo nikajua hii haitatolewa na amri ya mtu mwengine.

Nilipoamua kuacha nikachukua kopo la maziwa ya unga nikalitoboa juu, kila siku nisipokula naweka shilingi 50, pesa ileile ambayo ningeipeleka kwa muuzaji. Wiki mbili za mwanzo nalala mchana kutwa, kichwa kizito, hasira mpaka kwa paka. Lakini kila jioni natia ile noti au sarafu, nasikia ikianguka. Na kila jioni namtumia mke wangu meseji, namba tu, 1, 2, 3. Hakuwa akijibu. Siku ya 40 akajibu, naye kwa namba, 40. Wallahi nilishika simu nikaenda kukaa ufuoni peke yangu.

Siku ya 100 nikafungua kopo, 5,000 kamili. Nikamnunulia binti viatu vya skuli, kilichobaki nikanunua changu wawili wakubwa wa kupaka na nazi, nikapanda matatu mpaka Kilifi. Sasa hebu niambie, zile namba ningezificha kuogopa jicho la watu, ningefika 100? Mie sikumtangazia mtaa mzima. Nilimwambia mmoja, kila siku.

Mpole wa Tanga
Kaka nimekuelewa, na hiyo namba 40 imenishinda. Nakubali mtu mmoja ni sawa, nilikuwa naogopa mtaa mzima.

Mjukuu wa Bukoba
Niongeze kidogo. Bibi yangu hakwenda shule. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, bibi naye akaingia kisomo, ile tunaita ngumbaru, jioni baada ya shamba. Alikuwa mjane, kahawa anauza mwenyewe kwenye chama cha msingi, na kila malipo anapigishwa dole gumba kwenye wino halafu anaambiwa hela ni kiasi fulani, chukua. Baba anasema kilichomuuma siyo hata hela, ni kurudi nyumbani na kidole cheusi kila mtu njiani anakiona.

Sasa siku ya malipo ya pili karani akamsogezea kile kisahani cha wino, bibi akakirudisha, akaomba kalamu. Akaandika jina lake herufi moja moja, watu wamepanga foleni nyuma wanasubiri, hakuharakisha. Ilikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, akafika nyumbani akazikaanga zote alizokuwa amekusanya, akaita kila mtoto wa jirani aje ale, halafu akawaonyesha kidole kisafi. Basi, hiyo ndo ilikuwa sherehe. Baba yangu ana miaka zaidi ya 60 na akisimulia bado anainua kidole.

Ticha wa Chanika
Sisi tunaojenga taratibu tunalijua hili. Kiwanja nilinunua 2016, msingi 2018, boma, yaani kuta tupu, likasimama mpaka usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, hela ikaisha, nyasi zikaota ndani sebuleni. Mwaka juzi nimefunga lenta, nikawapikia mafundi pilau, mume wangu akauliza si tungesubiri tupaue? Nikamwambia mvua 5 zimelinyeshea boma hili na halijaanguka, mimi leo nafurahi. Kupaua kukija tutakula tena. Mama Chapati pika kitu, hata kama ni chapati zako mwenyewe, ila siku hiyo usiuze hata moja.

Mama Chapati
Nimesoma zote nimelia, mwanangu kaniuliza nani amekufa nikamwambia hakuna.

Boda umesema nimtafute anayejua 12,000 ni nini na nimemjua hapohapo. Kuna mama mmoja jirani, anashona, mwaka jana siku ya mvua kubwa sikuuza kabisa, nikakaa nje najua saa 12 inakuja. Akatoka na 12,000 mkononi, hakuniuliza kitu, na nilipomrudishia alikataa kuhesabu. Hajui kama nimemaliza, hatujawahi kuliongelea.

Kaka wa Tanga nimekusikia pia, wakija na fomu sifungui mlango.

Kesho nakanda unga wa kwetu tu. Nimeshamtuma mwanangu akamwambie yule mama aje kunywa chai, akarudi mbio kuuliza saa ngapi. Nikamwambia saa 12 jioni, na tutakaa nje barazani, taa tutaiwasha mapema.