Naomba ushauri: mbolea ya soko imejaa plastiki

Wapendwa, hamjambo. Niko Bukavu, ninalima lengalenga (mchicha) na vitunguu nyuma ya nyumba. Misimu miwili sasa naweka mbolea ya takataka za soko, maana samadi ni ghali. Shida ni sasheti (mifuko ya plastiki): zimeoza nusu-nusu, ukizishika zinavunjika kama majani makavu, na udongo umejaa vipande vya bluu na vyeupe, vingine vidogo kuliko punje ya mtama.

Kwenye tuta hilo lengalenga inachelewa kuota na mizizi ni mifupi. Tuta la samadi, hatua tatu tu kutoka hapo, liko sawa. Nimechekecha udongo, lakini vile vidogo vinapita tu. (Mama mkwe anasema ni mbegu mbovu, mbegu ni zile zile!)

Nimesoma kwamba vipande vya chini ya milimita 5 vinaweza kuzuia mbegu kunywa maji, na vile vidogo kabisa kupenya kwenye mizizi.

Naomba kujua: nitajuaje kama kinachozuia lengalenga ni plastiki, au ni mbolea ambayo haijaiva? Na udongo huu niutoe wote, au kuna njia nyingine?