Saratani ya titi hatua ya kwanza: nitolewe uvimbe tu au titi lote? Naombeni ushauri

Mama_Alizeti
Habari zenu ndugu zangu. Nipo Dodoma mjini, nina miaka 47, nauza karanga na mafuta ya alizeti Soko la Majengo.

Mwezi wa kumi kulikuwa na upimaji wa bure wa matiti na mlango wa kizazi. Sikuwa naumwa popote, nilimsindikiza tu jirani yangu wa meza. Alipomaliza, nesi akaniambia na wewe mama panda kitandani. Akapapasa titi la kulia, akafika sehemu moja upande wa kwapani, akarudia, akarudia tena, akanyamaza. Kisha akachukua kidole changu mwenyewe akakiweka pale. Kitu kigumu kama punje ya karanga ndani ya ganda, hakiumi hata ukikibonyeza. Kila siku nachambua karanga kwa vidole hivi hivi na sikuwahi kukigusa.

Nikapigwa altrasaundi na mamogramu, wakachukua kinyama kwa sindano. Majibu yalikaa wiki tatu. Ni saratani, sentimita 1.4, tezi za kwapani hazionyeshi dalili. Daktari anasema ni hatua ya kwanza na hiari ni yangu: kutoa uvimbe pekee kisha nikapigwe mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, au kutoa titi lote.

Shida ipo nyumbani. Dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea, amekuja toka Mpwapwa na chupa ya mizizi. Anasema saratani ikiguswa na kisu inatawanyika, na ananitajia watu waliopasuliwa wakafa. Mume wangu anasema tu "utakavyoamua wewe". Mliopitia hili mlichagua nini? Na dada nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mjukuu wa Chamwino
Pole sana mama. Tunakuombea.

BintiKondoa
Pole dada yangu. Mimi uvimbe niliugundua mwenyewe nikioga. Zahanati wakaniambia ni tezi za maziwa, zitayeyuka. Nikakaa miezi minane nasubiri ziyeyuke. Nilipofika hospitali kubwa ulishaingia kwapani. Nikaanza na kemo, nywele zote zikaisha, ndipo titi likatolewa. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakunja kitenge naweka ndani ya sidiria ili gauni likae. Mpaka leo nikibeba ndoo, mkono wa upande ule unavimba.

Wewe umeulizwa unataka ipi. Mimi sikuulizwa.

Tabibu wa Jadi
Kisu si cha kukimbilia. Tumia mizizi miezi miwili kwanza, ikishindikana ndipo uende.

NesiMstaafu_Singida
Hapana ndugu yangu, hiyo miezi miwili usimpe. Sasa uvimbe ni mdogo na upo sehemu moja, ndiyo maana ana hiari.

Mama Alizeti, kisu hakisambazi saratani. Waliopasuliwa wakafa, wengi walifika ikiwa imeshasambaa, ndugu wakaona kisu ndicho kilichoua. Hilo mwambie dada yako taratibu, ana sababu ya kuogopa, kazika watu.

Kuhusu uchaguzi: utafiti mkubwa wa Marekani na mwingine wa Milan, Italia, uliwafuatilia wagonjwa miaka 20, majibu yakachapishwa 2002. Waliotolewa uvimbe na waliotolewa titi lote waliishi sawa. Ila mionzi usiiruke. Katika ule wa Marekani, wasiopata mionzi uvimbe ulirudi kwenye titi lile lile kwa 39 kati ya 100, waliopata ni 14. Mionzi kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, wiki tatu hadi sita. Kama huwezi kukaa Dar muda wote huo, mwambie daktari kabla ya kupasuliwa, usimwambie baada. Muulize pia kama kinyama kilipimwa vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli za saratani zinazopokea homoni za mwili, maana vikiwepo utapewa vidonge vya kumeza miaka mitano au zaidi.

Baba wa Nkuhungu
Mke wangu alipougua nilisema maneno hayo hayo, "utakavyoamua". Nilikuwa naogopa, na nilidhani namheshimu. Yeye akaona nimemwacha peke yake. Mchukue mzee muingie wote kwa daktari, na dada mwende naye.

Mama_Alizeti
Asanteni mno. Jana tuliingia watatu. Mume wangu ndiye aliyeuliza habari za vipokezi, alikuwa ameandika kwenye karatasi. Vipo. Dada aliuliza la kisu, daktari akamchorea titi na ule uvimbe ndani yake, akatulia. Nimechagua kutoa uvimbe na kwenda mionzi. Napasuliwa Jumanne.

Usiku dada akaja chumbani akaniomba nimwonyeshe pale palipo na punje, kisha nimwonyeshe na yeye anavyotakiwa kujipapasa. Ana miaka 61, hajawahi kupimwa hata mara moja. Alhamisi nampeleka.

Anayejua chumba cha kupanga mwezi mmoja na nusu, karibu na Ocean Road, naomba anielekeze.